Niliuziwa yungiyungi la Rwanda hapa hapa Tanga

Nyota tatu kwa tano. Ningetoa nne na nusu kama nisingenunua kitu cha majini.

Anayetaka mche wa mdimu, mchungwa wa kubebesha, asumini au mlangilangi asijisumbue kusoma mpaka mwisho. Aende tu, atapata kitu kizima kwa bei isiyomtoa jasho. Ila anayetaka yungiyungi, avute mkeka kwanza tuzungumze.

Kitalu chenyewe kipo kando ya barabara, ukitoka mjini kama unaelekea Pongwe. Jina silitaji. Mwenyewe tumeshakaa tukayamaliza, na mtu mliyeyamaliza naye huendi tena kumwanika. Wenzangu wa Tanga wanaokijua watakijua kwa lile pipa jekundu lililokatwa kati na kupandwa mchaichai, na kwa yule mzee wa Kibondei anayekaa chini ya mwembe na kisu chake.

Nianze na huyo mzee, maana ndiye aliyenifanya mteja wa pale. Mimi ni fundi cherehani, miaka 31 niko Ngamiani na mashine ile ile ya miguu, na mtu anayejua kukata namtambua kwa mbali. Kubebesha kwake ni hivi: anachukua mche wa mlimao mwembamba kama kalamu, anaukata juu, anaupasua katikati. Anachukua kijiti cha mchungwa, anakichonga pande mbili mpaka kinakuwa kama ncha ya ulimi, anakichomeka ganda kwa ganda, kisha anazungushia ukanda wa nailoni kutoka chini kwenda juu. Mambo yote hayo dakika mbili hazifiki. Nilimuuliza mbona haanzii juu kushuka. Akanijibu bila kuinua macho, “Maji ya mvua yataingia, mwanangu. Unapanga kama makuti.” Michungwa miwili niliyonunua kwake mwaka juzi yote imeshika, mmoja umeshaanza kunipa maua. Kwa mzee huyu peke yake ningetoa nyota sita.

Sasa birika.

Uani kwetu kuna birika la saruji alilojenga baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, enzi ambazo maji ya bomba yalikuwa yakija usiku wa manane kama mwizi. Hatua tatu kwa mbili, kina chanifika kiunoni. Tangu tuweke tangi la plastiki birika halina kazi, linakinga mvua na kulea mbu. Masika iliyopita bwana afya alipita nyumba kwa nyumba, akachungulia, akaona viluwiluwi vinavyopinda na kunyooka humo, akanipa siku saba: nilifukie, nilifunike, ama niweke samaki. Kulifukia siwezi. Ukingoni kuna alama ya kiganja cha marehemu mume wangu alipokuwa mtoto, alichapa saruji ikiwa mbichi akapigwa kwa ajili yake. Nikaamua samaki. Na samaki anataka kivuli, basi nikaamua na yungiyungi.

Kijana mwenye kitalu ni mchangamfu, hapo sina la kumtoa. Ukifika anasimama, anakuamkia, anakuvutia kigoda kabla hujaomba.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Nataka yungiyungi, la birikani.”

“Birika lako kiasi gani, mama?”

Nikamweleza. Hapo nilimpa alama, maana wauzaji wengi hawaulizi, wao kazi yao kupokea hela. Akakuna kichwa, akanipeleka nyuma ya banda ambako ana makarai ya maji yamepangwa kivulini. “Haya ya kawaida, elfu nane. Lakini wewe mama yangu, kwa birika hilo haya yatakusonga. Wewe nakupa hili.” Akanionyesha beseni la buluu lenye vijani vinne, kila kimoja sawa na sarafu ya shilingi mia mbili. “La Rwanda hili. Ndilo dogo kuliko mayungiyungi yote duniani. Halikui likapita hapo. Huko London waliliiba, ikawa kesi ya polisi.”

“London limefikaje?”

“Kisa kirefu hicho, mama.”

“Bei?”

“Elfu ishirini na tano.”

Mimi ni mtu wa kuomba kupunguziwa hata nauli ya bajaji. Siku ile sikuomba. Kitu kilichoibwa London unaanzaje kukiombea punguzo? Nikalipa 25,000 taslimu, akalifungia kwenye mfuko wenye maji, na juu yake akanitilia nyongeza: magugu maji matatu, yale yenye vikonyo vilivyovimba kama vibuyu. “Haya bure mama, yana ua zuri la zambarau, na samaki wanapenda kujificha kwenye mizizi.”

Maelekezo ya kupanda aliyonipa yalikuwa sahihi, na haki ya mtu usimnyime. Nichukue karai pana lisilo na tundu, niweke udongo wa mfinyanzi, nisitie samadi mbichi maana itageuza maji kuwa chai. Nilaze tunguu, kile kiazi chake cha chini, juu yake kokoto ili udongo usipande, kisha nishushe karai juu ya matofali mpaka majani yaelee, na kila yakirefuka niondoe tofali moja. Nikafanya vile vile. Nikatia perege wadogo sita. Viluwiluwi vikaisha kwa siku nne, bwana afya akaja akaridhika, mimi nikakaa uani jioni na chai yangu nikijiona mtu mwenye bustani.

Wiki ya tatu jani jipya likatandika, sawa na kisosi. Nikasema labda ni la mama, yaliyobaki yatakuwa madogo. Wiki ya tano, sahani. Wiki ya sita nikavua futi shingoni nikapima: inchi 9 na nusu. Kwa sketi ya mtoto wa chekechea huo ni urefu mzima na upindo wake.

Jani la yungiyungi, kwa jicho la fundi, ni duara lililopasuliwa upande mmoja mpaka katikati, kama unavyokata kitambaa cha sketi ya mwavuli. Pale mpasuo unapoishia ndipo kikonyo kinaposhikia. Ukingo wake hautulii, una mawimbi na vijimeno kama overloki iliyovutika uzi. Ukiligeuza, chini ni zambarau, na mishipa imetuna kama mishono ya ndani. Maji hayashiki juu yake, yanakimbia kama shanga zilizokatika.

Ua likachomoza karibu na mwezi wa pili kwisha. Buluu ya mbali, inayovutwa na zambarau, kati njano. Sikuchukia, nisiseme uongo. Linafunguka saa tatu asubuhi, saa kumi limeshafumba kama mtu aliyefunga duka. Siku ya kwanza ya ua, katikati yake pana kijibirika cha majimaji, na humo nilimkuta nyuki amezama na mbawa zake. Siku ya pili kile kijibirika kimekauka, nyuki wanaingia na kutoka wamejaa vumbi la njano. Nikajiambia, hata ua lina siku yake ya ubaya.

Basi ikatokea mteja wangu mmoja, mwalimu wa baiolojia, akaja kuchukua gauni la harusi ya mdogo wake. Akaenda uani kunawa mikono.

“Fundi, yungiyungi zuri hili!”

“La Rwanda hilo,” nikamwambia kwa maringo. “Dogo kuliko yote duniani.”

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniomba radhi, akacheka tena.

Akanieleza kwamba hili ni letu wenyewe, yungiyungi la buluu la pwani, lipo mabwawani huku bara na lipo Unguja, mpaka wataalamu aina moja yake wameipa jina la Zanzibar. Halafu akakaa kwenye kigoda, gauni mapajani, akanipa kisa cha lile la Rwanda. Usiku nikasoma mwenyewe kwenye simu mpaka bando likakata. Nakieleza hapa kwa sababu kijana wa kitalu ataendelea kukisema, na ni vizuri mnunuzi awe anakijua kuliko yeye.

Yungiyungi la Rwanda la kweli kwao palikuwa mahali pamoja tu: Mashyuza, huko Bugarama, kusini magharibi mwa Rwanda. Pale pana chemchemi ya maji ya moto. Maji yanatoka ardhini na joto la kama nyuzi 50, yanatambaa, yanapoa, na pale yalipofika nyuzi 25 hivi, kwenye tope lililolowa na wala si kwenye kina, ndipo lilipokuwa likiota. Mita chache za mraba. Chumba changu cha kushonea na kibaraza chake, basi. Majani yake mengine hayapiti sentimita moja, ukucha wa kidole gumba, na ua lake ni jeupe lenye njano katikati. Mjerumani mtaalamu wa mimea, Eberhard Fischer, alilikuta miaka ya 1980, akaona kwao palivyo padogo, akachukua mimea michache ikapelekwa bustani ya mimea ya Bonn. Ikawa heri. Kufika kama mwaka 2008 maji ya chemchemi yalikuwa yameshachepushwa kwa matumizi ya watu wa pale, tope likakauka, yungiyungi likatoweka.

Hapo mwalimu alitaka nikasirike pamoja naye. Sikuweza. Huku kwetu pia tuna maji ya moto, yale ya kibiriti karibu na Amboni, ambayo watu wanaenda kuogea ngozi na viungo. Lau yangekuwa yanatokea nyuma ya nyumba yangu, maji ya moto bila kuni wala mkaa, nami nina nguo za wateja za kufua kabla ya kupiga pasi, wallahi ningekuwa wa kwanza kuchimba mfereji. Nisingejua kuna kimmea kama ukucha kinachoishi kwa maji yale yale. Nani angeniambia? Huyo aliyechepusha maji kule Bugarama simjui lakini namwelewa kuliko ninavyomwelewa mtu aliyekwenda na mfuko kuiba bustanini.

Maana waliiba kweli. Mbegu za Bonn zilipelekwa bustani ya Kew, London, na kwa muda mrefu kila wakizipanda zinachipua halafu zinakufa. Wakizizamisha kama wanavyozamisha za mayungiyungi mengine. Mwaka 2009 mkulima wa pale, Carlos Magdalena, akafikiri namna lilivyokuwa likiishi kwao, akaziweka juu juu, udongo sawa na uso wa maji, vichipukizi vikapata hewa. Vikaishi. Miaka yote ile walikuwa wanalizamisha kwa sababu jina lake ni yungiyungi! Januari 2014 mmea mmoja ukachukuliwa pale Kew mchana kweupe, na polisi wakaingia. Na habari iliyonifurahisha zaidi ni ya 2023: limeonekana tena huko huko Rwanda, limeota lenyewe.

Kwa hiyo kijana hakutunga. Kisa ni cha kweli, mmea ndio wa uongo. Na hata angeniuzia lile lenyewe, kwa birika la kiunoni na makarai juu ya matofali ningeliua kabla ya Ijumaa mbili.

Hilo la yungiyungi ningelisamehe. Kilichonipeleka kitaluni na hasira ni ile nyongeza.

Yalikuwa matatu. Baada ya wiki mbili nikahesabu saba. Baada ya mwezi sikuhesabu tena, yalikuwa yameziba nusu ya birika, kila moja linatoa mkono pembeni na mwisho wa mkono mtoto. Nilinyanyua fungu moja: mizizi nyeusi inaning'inia kama ndevu za mzee, inachuruzika. Kikonyo ukikiminya kinalia pwa, ndani ni sponji. Perege wakaanza kuja juu alfajiri wakitweta midomo wazi. Mmoja nilimkuta ameshakufa. Majani mapya ya yungiyungi yalikuwa yakipanda kutoka chini yanakuta paa, yanajikunja, yanaoza.

Na mimi nilikuwa nayajua haya mambo. Nimezaliwa Pangani. Masika mto ukijaa, magugu maji yalikuwa yakiteremka mafungu mafungu kama visiwa, sisi watoto tunakaa karibu na kivuko tunayapa majina. Yakifika baharini chumvi inayaua, yanakuwa ya kahawia, yanaletwa ufukweni yananuka. Sikujua mpaka mwalimu aliponiambia kwamba mkoa wetu huu ndiko yalikoonekana kwanza Tanzania, miaka ya 1950, mto Zigi na kisha Pangani, kabla Ziwa Victoria halijayajua. Asili yake Amerika Kusini, yakapelekwa dunia nzima kwa sababu ya ua. Ua zuri la zambarau, maneno yale yale ya kijana. Kule ziwani miaka ya 1990 yalizibia mitumbwi na bandari mpaka wakaletwa fukusi maalumu wa kuyatafuna. Zigi ndio mto unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndio maji tunayokunywa mjini.

Sasa fikiria mtu amechoka nayo, afanye nini? Anayatupa mtaroni. Mvua ikija mtaro unayapeleka wenyewe. Mimi niliyatoa yote kwa mikono, nikayaanika juu ya saruji siku tisa mpaka yakawa makavu kama majani ya mgomba, ndipo nikayachoma. Na bado kila wiki natoa vitoto viwili vitatu. Mbegu zake, mwalimu anasema, zinaweza kulala topeni miaka 15 na zaidi zikaamka.

Jumamosi nikapanda bajaji, shilingi 3,000, jani moja la inchi 9 na nusu nimelikunja kwenye mfuko wa kanga.

Alinipokea vile vile, kigoda, shikamoo. Nikalitandika jani juu ya meza yake, nikaweka sarafu ya mia mbili katikati. Sikusema kitu. Mzee chini ya mwembe akaangalia, akaguna, akarudi kwenye kisu chake.

“Mama,” kijana akasema, “na mimi niliambiwa hivyo hivyo na aliyeniletea.”

“Aliyekuletea alilitoa Rwanda?”

Kimya. Kisha, “Alilitoa huku ndani, mama. Bwawani.”

Vijani vya sarafu, kumbe, ni vya mche mchanga. Yungiyungi lolote likiwa changa lina majani madogo. Nilimwambia basi na mtoto mchanga unaweza ukamuuza kwa jina la mtu mfupi. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikaomba nionyeshwe hilo bwawa. Nilidhani atakataa. Akamwachia mzee duka, tukaenda kwa bajaji, halafu tukatembea kama robo saa kwenye njia ya ng'ombe. Nilitegemea kuona maji. Nikaona kifusi. Upande mmoja malori yamemwaga mawe na udongo mwekundu, vigingi vya viwanja vimeshapigwa, kimoja kimefungwa kitambaa cha khanga iliyochakaa. Upande wa pili watu wanafyatua tofali, mashimo yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kati yake kimebaki kipande cha bwawa chenye matete, bustani ya mchicha imekifuata mpaka ukingoni na mpira wa pampu umelazwa majini. Nilihesabu maua matatu ya buluu. Saa tano asubuhi, yamefunguka vizuri, kama hayana habari.

“Mwaka juzi,” kijana akasema, “hapa palikuwa buluu tupu. Sisi tunayang'oa kabla hawajayafukia. Tusipong'oa, lori linamwaga.”

Nilikuwa nimekwenda kumgombeza, nikajikuta nimeinama nachuma mchicha wa mtu bila kujua. Kwa sababu anachosema kina ukweli ndani yake. Hata la Rwanda limepona kwa kuwa kuna mtu alilichukua akaenda nalo. Lakini yule alilipeleka mahali likatunzwa kwa jina lake. Huyu wetu anang'oa karai zima, ishirini kwa mara moja, nusu yanamfia kwenye makarai kwa jua na mengine anayabatiza Rwanda. Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamuuliza, hivi ukilikata tunguu halizai? Linazaa, akasema, linatoa vichipukizi pembeni, ila linataka subira miezi kadhaa, na mteja anataka la leo.

“Mzee wako mbona anangoja mchungwa miaka?”

Hakujibu. Lakini nilivyopita wiki tatu baadaye nilikuta karai mbili zimetengwa kando, matunguu yamekatwa na kupandwa kila moja kwenye kopo lake la rangi, na kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: YUNGIYUNGI LA TANGA, BULUU, 10,000. Bei imepanda elfu mbili, ndiyo. Ningewashauri mlipe hiyo, mchukue la kwenye kopo. Tunguu lake limeshazoea kufungiwa, halishtuki, na linakuja na mzizi mzima. Lile la 8,000 lililong'olewa jana mara nyingi limekatika shingo, litakaa wiki mbili linawadanganya kisha linalainika kama ndizi mbivu. Bonyeza tunguu kabla hujalipa, liwe gumu kama tangawizi.

Magugu maji bado anayo, nyuma kabisa, karai lililopasuka. Anasema wateja wanayapenda. Ukipewa nyongeza omba mchaichai.

Mengine ya kitalu kwa haraka: wanafungua saa moja asubuhi, Ijumaa wanafunga mchana kwa ajili ya swala na wakati mwingine hawarudi. Malipo ya simu wanapokea. Chenji hawana, nendeni na noti ndogo. Asumini 3,000, mlangilangi 5,000, mchungwa wa kubebesha 4,000, mdimu 4,000. Mawaridi yao yamedumaa, siyapendi, udongo wao una kichanga mno. Viriba wanavijaza vizuri, havipasuki njiani. Wanaleta mpaka nyumbani ukinunua miche kuanzia kumi, kwa mjini bila nauli.

Kuhusu pesa zangu, tulikubaliana mbele ya mzee: alinirudishia 10,000 papo hapo, na 7,000 iliyobaki juu ya bei ya kawaida itakuwa mche mmoja wa mdimu uliobebeshwa na mzee mwenyewe, na asumini moja, vyote aniletee mpaka mlangoni. Yungiyungi nimebaki nalo. Nimelipunguza majani, nimebakiza saba, na perege wamekuwa kumi na kitu.

Asumini imekuja. Mdimu niliambiwa Ijumaa, na Ijumaa imeshapita. Ukifika nitarudi hapa niongeze nyota.